Mvua, jua na upepo vinavyoamua ladha ya zabibu za Dodoma

KWA mkazi wa Kiwalani, mvua kubwa ya mwezi Machi ina maana inayofahamika: mifereji kufurika, njia za mitaani kuwa tope na daladala kuadimika. Kwa mkulima wa zabibu wa Mpunguzi au Hombolo, mkoani Dodoma, mvua ya mwezi huo huo ni jambo zito zaidi. Humkuta akiwa na vichala vilivyokwisha kuiva, sukari imepanda na ganda la tunda limelainika, na siku tatu za mvua mfululizo zaweza kumnyima malipo ya kazi aliyoifanya kwa miezi minne.

Zabibu hizo ndizo zinazofika Dar es Salaam zikiwa katika vikasha na mifuko, zikauzwa Kariakoo, Buguruni, kwenye vituo vya daladala na katikati ya foleni za magari. Ndizo pia zinazokamuliwa na kuwa mvinyo wa Dodoma unaouzwa katika maduka na baa za jiji. Mnunuzi makini atakuwa amekwisha kugundua kwamba zabibu za mwezi mmoja huwa tamu na zenye ganda gumu kidogo, ilhali za mwezi mwingine huwa na maji mengi, ganda jepesi na ugwadu unaobaki ulimini. Wengi humlaumu muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa, kwani ladha aliyonayo katika kikasha chake iliamuliwa na mawingu ya Dodoma wiki kadhaa kabla hajaiona bidhaa hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi hali ya hewa ya msimu mmoja inavyoingia ndani ya punje ya zabibu na hatimaye ndani ya chupa, na kwa nini jambo hilo hutokea Dodoma kwa namna isiyofanana na ile ya Ulaya, ambako elimu nyingi ya mvinyo imeandikwa.

Katika nchi zenye historia ndefu ya mvinyo, hali ya hewa imepewa uzito kiasi kwamba mwaka wa mavuno huandikwa kwenye chupa. Huo ni mwaka ambao zabibu zilichumwa, wala hauhusiani na mwaka mvinyo ulipotiwa chupani au kupelekwa sokoni. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka angalau asilimia 85 ya mvinyo uliomo uwe umetokana na zabibu za mwaka ulioandikwa. Wanywaji wa mvinyo wa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, huutaja mwaka 1961 au 1982 kama mashabiki wa soka wanavyozitaja fainali za zamani. Bei hupanda na kushuka ingawa shamba ni lile lile, mizabibu ni ile ile na mara nyingi hata mtengenezaji ni yule yule. Kilichobadilika ni jua na mvua.

Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi kali, ukabaki kama kijiti kilichokauka. Huamka mwezi Machi au Aprili, huchanua Juni, na zabibu huvunwa Septemba au Oktoba. Kila hatua ina adui yake. Baridi ya usiku ya Aprili 2021 iliunguza machipukizi katika sehemu kubwa ya Ufaransa na kupunguza sana mavuno ya mwaka huo. Joto la Agosti 2003, lililoua maelfu ya watu barani Ulaya, liliivisha zabibu kabla ya wakati wake. Katika mji wa Beaune, jimbo la Burgundy, tarehe za mavuno zimehifadhiwa tangu mwaka 1354, na watafiti waliozichambua na kutoa matokeo yao mwaka 2019 walionyesha kwamba tangu mwaka 1988 mavuno yamekuwa yakianza wastani wa siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa katika karne 6 zilizotangulia. Ni vigumu kupata kipimajoto chenye umri mkubwa kuliko hicho.

Dodoma haina majira ya baridi kali. Ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja, wakati Bordeaux mchana wa Juni hupita saa 15 na wa Desemba hushuka hadi karibu saa 9. Mzabibu uliozaliwa katika mazingira ya namna hiyo, ukiletwa Tanzania, haupati ishara ya kulala wala ya kuamka. Ukiachwa peke yake huendelea kutoa majani mwezi hadi mwezi, matunda machache yakitokea huku na kule bila mpango.

Kinachouamsha ni mkasi. Mkulima hupogoa matawi yaliyokomaa, akaacha macho machache katika kila tawi, na ndani ya siku chache macho hayo huanza kuchipua. Kutoka siku ya kupogoa hadi siku ya kuchuma hupita miezi minne hivi, kutegemea aina ya zabibu na joto la msimu. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma ana uwezo ambao mwenzake wa Ufaransa hana: anachagua mwenyewe siku ya kuanza kwa msimu. Akishapogoa, hata hivyo, uwezo huo unakwisha. Yaliyobaki ni ya mawingu.

Kutokana na hali hiyo, Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza huwa Februari hadi Machi, kutokana na mizabibu iliyopogolewa kabla mvua hazijashika. Ya pili huwa Agosti hadi Septemba, kutokana na mizabibu iliyopogolewa mvua zinapokaribia kwisha. Hayo ni mazao mawili ya mti mmoja, katika mwaka mmoja, yaliyolelewa na hali ya hewa mbili zisizofanana hata kidogo. Anayeuliza ni mwaka gani ulikuwa mzuri kwa zabibu za Dodoma anauliza nusu ya swali. Ilimpasa aulize pia ni mwezi gani.

Msomaji wa Dar es Salaam amezoea misimu miwili ya mvua, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Dodoma ina msimu mmoja tu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita mvua za msimu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600, takriban nusu ya kiasi kinachonyesha Dar es Salaam. Kuanzia Mei hadi Novemba anga huwa kavu, na kwa miezi kadhaa yaweza isidondoke hata tone.

Tatizo ni kwamba milimita hizo hazigawanywi kwa haki. Mvua ya Dodoma hupenda kuja kwa kishindo, ikanyesha kwa saa moja kiasi cha kujaza makorongo, kisha ikatoweka kwa wiki 2 au zaidi. Katikati ya msimu, mara nyingi kati ya Januari na Februari, hutokea kipindi cha ukavu ambacho huwatesa wakulima wa mahindi. Kwa mkulima wa zabibu kipindi hicho hicho chaweza kuwa neema, mradi ardhi iwe imekunywa maji ya kutosha kabla yake. Watu wawili wenye mashamba yaliyopakana, mmoja wa mahindi na mwingine wa zabibu, wanaweza kuitazama anga moja ya Februari na kuomba mambo yanayopingana.

Mji huo upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo ndio uliouwezesha mzabibu kuishi karibu na Ikweta. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mwezi Novemba, ambao ndio wa joto kali, mchana hupita nyuzi 30. Mwezi Julai usiku hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na msafiri aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi hujuta anaposhuka stendi alfajiri. Wamisionari wa Kikatoliki waliopanda mizabibu katika misheni ya Bihawana walikuwa wakitafuta mvinyo wa ibada, na bila shaka ukame na ubaridi huo wa usiku viliwasaidia. Baadaye kilimo hicho kiliingia katika mashamba ya wananchi na kufika Hombolo, Mbabala, Veyula, Mpunguzi, Mvumi na vijiji vya Chamwino. Utafiti wa zao hilo hufanywa katika kituo cha Makutupora, ambacho jina lake limepewa aina ya zabibu nyekundu inayopandwa zaidi mkoani humo. Pamoja nayo zipo aina za kigeni kama Chenin Blanc inayotoa mvinyo mweupe, Syrah, Cabernet Sauvignon na Teroldego ya Italia.

Namna mvua inavyoingia ndani ya tunda

Hatua ya kwanza haionekani kwa macho, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Idadi ya vichala ambavyo mzabibu utazaa huamuliwa ndani ya macho ya tawi katika msimu uliotangulia, wakati tawi hilo lilipokuwa bado bichi. Macho yaliyopata jua la kutosha na joto la wastani huandaa vichala. Yaliyofunikwa na majani mengi, au yaliyokua chini ya mawingu ya wiki nyingi, huandaa vikonyo vya kujishikizia tu, vile vinavyojisokota kwenye waya. Hivyo mvua nzito za Januari zaweza kupunguza mavuno ya Agosti, wakati ambapo watu wamekwisha kuzisahau na wanatafuta sababu nyingine. Mkulima anayeondoa majani ya ziada ili jua lifike kwenye matawi anashughulikia mavuno mawili kwa mkono mmoja.

Baada ya kuchipua huja maua. Ua la mzabibu ni dogo mno, halina rangi ya kuvutia na halihitaji nyuki, hujichavusha lenyewe. Linachohitaji ni siku chache za ukavu na utulivu. Mvua ikinyesha mfululizo katika siku hizo, chavua hulowa, maua mengi hudondoka, na kichala hutoka kikiwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Wakati mwingine punje kubwa huchanganyika na vipunje vidogo visivyo na mbegu ambavyo haviivi kwa wakati mmoja na vingine. Kwa zabibu za msimu wa mvua maua hutokea katika majuma ambayo mvua ndiyo kwanza zinaanza, na hapo ndipo tarehe ya mkasi inapoonyesha thamani yake. Aliyepogoa mapema kidogo huenda akachanua kabla ya mvua kushika kasi. Aliyechelewa kwa wiki 2 atachanua ndani yake.

Kisha hufuata magonjwa, na hili ndilo eneo linalokula fedha za mkulima kuliko jingine lolote. Ubwiri vinyoya hustawi majani yanapolowa, na usiku mmoja wa joto wenye majani mabichi hutosha kuueneza. Madoa ya mafuta huonekana juu ya jani na ukungu mweupe chini yake, jani hukauka, na mzabibu usio na majani hauna mahali pa kutengenezea sukari. Ubwiri unga, kinyume chake, hauhitaji mvua. Hupendelea hali ya mawingu na kivuli, na huvamia hata wakati wa kiangazi. Mkulima hupuliza dawa za ukungu na salfa, lakini mvua ya jioni huisafisha dawa iliyopulizwa asubuhi, naye hulazimika kurudia kwa gharama ile ile. Katika msimu wenye mvua nyingi mtu anaweza kupata zabibu nyingi shambani na bado akabaki na deni dukani.

Yapo mabadiliko ya mwisho kabla ya mavuno. Punje iliyokuwa ngumu, ya kijani na chachu huanza kulainika. Kama ni ya aina nyekundu, hupata rangi. Kuanzia hapo sukari inayotengenezwa na majani humiminika ndani ya tunda, na ukali wa asidi hupungua siku hadi siku. Joto likiwa kali mchana na usiku, asidi hiyo huungua upesi na tunda huwa tamu lakini limepooza. Usiku ukiwa wa ubaridi, sukari hupanda huku asidi ikibaki, na hapo ndipo ladha inapopata uchangamfu. Rangi na ukakasi wa ganda navyo hutegemea jua lililofika kwenye kichala chenyewe.

Sasa chukua shamba lililofikia hatua hiyo Februari. Viwanda hupima utamu wa zabibu kwa kipimo kidogo cha mkononi, ambacho tone moja la maji ya tunda huonyesha nyuzi za sukari. Nyuzi 21 au 22 hutosha kutoa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hivi, kwani kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya kilevi baada ya kuchachuka. Mvua ikinyesha kwa siku kadhaa mfululizo, mizizi hunyonya maji, punje huvimba, na sukari ile ile hujikuta katika maji mengi zaidi. Zabibu zilizokuwa na nyuzi 21 zikishuka hadi 18, kilevi kinachotarajiwa hupungua kwa karibu asilimia 2, na pamoja nacho hupungua rangi na harufu. Punje zilizovimba kupita kiasi hupasuka. Zikishapasuka, nzi na nyigu hufika, uozo wenye harufu ya siki huanza katika punje moja na kula kichala kizima kwa siku chache.

Mkulima aliye katika hali hiyo ana njia mbili, na zote ni mbaya. Anaweza kuchuma mara moja, kabla mawingu hayajaiva, akakubali utamu mdogo na bei ndogo au kukataliwa kabisa. Au anaweza kusubiri jua lirudi likaushe shamba na kurudisha sukari, huku akijua kwamba lisiporudi atapoteza hata kile alichokuwa nacho. Wengi huchuma. Kwa kuwa wote wameiona mvua ile ile, wote huchuma wiki moja, na magari yote huelekea kwenye matangi yale yale ambayo uwezo wake una kikomo. Zabibu mbichi haziwekwi ghalani kama mtama. Mara kadhaa katika miaka iliyopita wakulima wa Dodoma wameripotiwa wakilia na zabibu zilizoozea shambani kwa kukosa mnunuzi, na lawama zikaelekezwa kwa viwanda, kwa Serikali na kwa mvinyo kutoka nje. Lawama hizo zina msingi wake, lakini ni nadra kutajwa kwamba hali ya hewa ndiyo inayosukuma mzigo wote kuiva na kuchumwa kwa pamoja.

Neema na taabu za kiangazi

Mavuno ya Agosti na Septemba yana historia nyingine. Mizabibu hupogolewa mvua zikiondoka, huchanua katika anga kavu, na zabibu hukua Juni na Julai, miezi ya ubaridi, jua jingi na upepo mkavu kutoka kusini mashariki. Ubwiri vinyoya hupungua sana kwa kukosa unyevu. Punje huwa ndogo, zenye ganda nene, na kwa kuwa rangi na ukakasi hukaa kwenye ganda, punje ndogo hutoa mvinyo mwekundu mzito kuliko punje kubwa. Kwa kawaida zabibu za msimu huu ndizo zenye sukari ya uhakika, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndizo zinazostahili kusubiriwa na mnunuzi wa Dar es Salaam anayezitaka kwa ajili ya kula. Msomaji asiyetumia kilevi naye basi anahusika na habari hii sawasawa na mnywaji. Hata anayetaka kukausha zabibu juani atafanikiwa Septemba; Machi ataambulia ukungu.

Lakini kiangazi nacho hudai malipo yake, na malipo hayo ni maji. Shamba lisilo na kisima wala bwawa hutegemea unyevu uliobaki ardhini tangu Aprili. Mvua zikiwa zimeishia Machi badala ya Aprili, unyevu huo hukauka kabla punje hazijajaa. Mzabibu ulioishiwa maji hufunga vinywa vya majani yake ili usikauke, na kwa kufanya hivyo huacha pia kutengeneza sukari. Matokeo huwa ya kushangaza kwa asiyejua: jua ni kali, anga ni safi, na zabibu bado ni chachu. Wenye umwagiliaji wa matone, kama ule uliowekwa katika mashamba ya pamoja ya Chinangali wilayani Chamwino, wanaweza kuupa mti kiasi unachohitaji na kupunguza maji siku za mwisho ili utamu upande. Kwa hao kiangazi ni bora kuliko msimu wa mvua. Kwa wasio nao, mavuno ya pili huwa kidogo, na miaka mingine huwa hayapo.

Ndege pia hufuata ukavu. Mbegu za porini zinapokwisha, makundi ya ndege huhamia kwenye kitu chochote chenye majimaji, na shamba la zabibu Agosti ni kama kisima kilichofunguliwa. Vijana hushinda shambani wakipiga madebe. Punje iliyodonolewa huharibu jirani zake kama ile iliyopasuka kwa mvua.

Kuhusu miaka yenyewe, ipo iliyobaki katika kumbukumbu za wengi. Mvua za El Niño za mwaka 1997/98 zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za nchi. Miaka michache baadaye, ukame wa mwaka 2005/06 uliishusha Mtera, bwawa lililopo mpakani mwa Dodoma na Iringa, hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa umeme. Mwishoni mwa mwaka 2009 mvua za kishindo ziliharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa. Oktoba hadi Desemba 2019, Bahari ya Hindi ilipopata joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa kupita kawaida, na msimu wa 2023/24 El Niño ilirudi tena. Dodoma ipo katikati ya kaskazini ya nchi, ambako El Niño mara nyingi huleta mvua, na kusini ambako huweza kuleta upungufu. Kwa sababu hiyo jina la El Niño likisikika redioni halimwambii mkulima wa Hombolo moja kwa moja atarajie nini. Kinachomfaa zaidi ni utabiri wa tarehe ya kuanza na kuisha kwa mvua, kwa kuwa tarehe hizo ndizo zinazopangia mkasi.

Kutoka shambani hadi kwenye chupa

Zabibu zikishakamuliwa hupatikana kile ambacho Dodoma huitwa mchuzi wa zabibu. Viwanda kama CETAWICO cha Hombolo na Alko Vintages cha mjini Dodoma hukamua na kuchachusha huko huko, na sehemu ya mchuzi husafirishwa hadi Dar es Salaam. Sheria ya ushuru wa bidhaa imeweka kiwango nafuu kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zilizolimwa nchini, hivyo msimu mbaya wa Dodoma hauwezi kufidiwa kirahisi kwa mchuzi wa kuagiza nje bila gharama kupanda.

Mtengenezaji aliyepokea zabibu za Machi zenye maji mengi ana njia kadhaa za kuziokoa. Anaweza kuzifanya mvinyo mweupe mwepesi au mvinyo mtamu, ambako rangi na ukakasi havidaiwi sana. Anaweza kuuchanganya mchuzi huo na ule wa Septemba, ukakasi wa mmoja ukafunika upole wa mwingine. Kuchanganya si udanganyifu. Nyumba nyingi za Champagne hufanya hivyo hivyo, zikichanganya mvinyo wa miaka kadhaa ili ladha isibadilike, na kuandika mwaka kwenye chupa za miaka teule pekee. Ufaransa pia, tangu zama za waziri Jean-Antoine Chaptal mwanzoni mwa karne ya 19, imekuwa na desturi ya kuongeza sukari kwenye mchuzi wa mwaka usio na jua, ingawa leo desturi hiyo imewekewa mipaka ya kisheria.

Hata hivyo, kama kiwanda kimeamua kuandika mwaka wa mavuno kwenye chupa ya Dodoma, mwaka huo peke yake haumtoshi mnunuzi. Chupa mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa na zabibu za mvua na zabibu za kiangazi. Ingekuwa jambo la busara kwa wazalishaji wetu kuandika mwezi pia. Lingewagharimu wino kidogo tu, na wanunuzi wangejifunza kutofautisha. Mkulima naye angepata sababu ya kudai bei inayolingana na zao lake la Septemba.

Dodoma haiko peke yake katika hali hii. Katika bonde la mto São Francisco, kaskazini mashariki mwa Brazil, nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, mizabibu hustawi katika nyika kavu inayofanana sana na ya Ugogoni, ikimwagiliwa maji ya mto na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa kuwa maji yapo muda wote, mashamba ya huko hupogolewa kwa zamu, na wiki yoyote ya mwaka huwa na sehemu inayochumwa. Kiwanda hakifuriki zabibu mwezi mmoja na kubaki kitupu mwezi unaofuata. Nashik, magharibi mwa India, wamechagua njia nyingine: hupogoa mara mbili lakini huvuna mara moja, kati ya Januari na Machi ambao kwao ni wakati wa ukavu, wakiuacha msimu wa mvua za monsuni uwe wa kukuza matawi tu.

Njia hiyo ya India inastahili kufikiriwa na wakulima wetu wenye maji ya uhakika, hasa sasa ambapo joto linaongezeka. Mwaka 2024 ulikuwa na joto zaidi duniani kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa. Kwa zabibu, joto la ziada lina maana ya usiku usio na ubaridi wa kutosha, asidi inayopotea mapema na sukari inayotangulia kabla ladha haijakomaa. Mvua nazo zikizidi kujikusanya katika siku chache za kishindo, mavuno ya Machi yatazidi kuwa ya kubahatisha.

Wapo wakazi wa Dar es Salaam, Kiwalani miongoni mwao, waliopanda mzabibu uani kwa kutumia kijiti walichopewa na ndugu wa Dodoma. Mti hukua vizuri sana. Hupanda juu ya ukuta, hufunika kibaraza na kutoa kivuli kizuri cha kukalia jioni. Matunda hutoka machache, na yakitoka huwa na madoa, huoza kabla ya kuiva au hubaki chachu. Hewa ya pwani ina unyevunyevu mchana na usiku, majani hayakauki, na usiku wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya mwaka una joto linalouchosha mmea. Mwenye mti huo anaweza kujaribu kupogoa mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekwisha, akaondoa majani yanayofunika vichala na kumwagilia maji chini ya shina bila kuyalowesha majani. Akibahatika atachuma Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli.